Aliyemfuata Baba Siku ya Kodi

9 Machi 1979

Mdogo wangu,

Hujambo? Shikamoo sikupi, maana mkubwa ni mimi, hata kama picha yako wameitundika posta juu ya dirisha la stempu. Koo lako linaendeleaje? Kwenye hotuba ya juzi ulikohoa mara mbili na mama akazihesabu. Anasema unywe maji ya moto. Yeye magoti yanamsumbua, lakini ulimi hauna ugonjwa. Mimi ni mzima, nashukuru.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya hotuba hiyohiyo.

Nilikuwa karakanani nafunga kitako cha karai. Redio ya fundi viatu jirani ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, na ya kinyozi ng'ambo ya barabara pia, kwa hiyo kila neno lako tulilipata mara mbili. Uliposema, "Kuanzia leo hakuna mtu katika nchi hii atakayetozwa kodi kwa kosa la kuwa na kichwa," mtaa mzima ulilipuka. Kinyozi alimwacha mteja na ndevu za upande mmoja akaja kucheza barabarani. Fundi viatu aliingia kwangu akaanza kupiga mabati yangu kwa nyundo yake. Na mimi nilipiga vigelegele, mwanamume mzima. Kodi ya kichwa imefutwa, na aliyeifuta ametoka tumbo moja na mimi!

Halafu ukashusha sauti. Ukasema, "Nilimwona baba yangu akivishwa ndoo kichwani, ndoo aliyoitengeneza kwa mikono yake, akatembezwa madukani kama mwizi kwa sababu hakuwa na kodi." Ukasema mtoza kodi aliigonga ndoo kwa fimbo kila mlango wa duka, ukauiga na mlio wake. Kinyozi akaacha kucheza. Mteja wa ndevu za upande mmoja alikuwa analia.

Fundi viatu akanigeukia. "Kumbe mdogo wako aliyaona makubwa hivyo! Na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Nikuulize wewe basi. Nilikuwa wapi?

Wewe ulikuwa bwenini, darasa la nne, mwendo wa siku nzima kwa basi. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya baba. Mimi nilishika pindo la shati lake kutoka karakanani mpaka ofisi ya kodi. Ulipokuja likizo nilikusimulia, godoro letu lilelile moja, ukanirudisha mwanzo mara tatu. Ulitaka kujua ndoo ililiaje. Nikakuigizia kwa ulimi. Mlio ule uliouiga redioni ni wa ulimi wangu.

Sitaki cheo wala gari. Mara nyingine ukisimulia, sema tu: "Kaka yangu aliona." Maneno matatu. Wataniambia nina kijicho. Sawa, ninacho. Lakini mtu ana haki ya kulilia kilicho chake.

Mama anasema usisahau maji ya moto.

Kaka yako

2 Aprili 1979

Shikamoo kaka,

Natumaini hujambo na mama hajambo. Mimi sijambo, maji ya moto nakunywa. Barua yako ilipita mikono mitatu kabla ya kunifikia, na hii naiandika mwenyewe bila katibu, ili isisomwe na mtu.

Umesema kweli. Hukukosea hata neno moja. Nami naapa, kwenye karatasi ya hotuba niliandika "kaka yangu alimwona." Nilipoinua macho nikaona watu wale wote wamesimama juani, mdomo ukasema "nilimwona." Neno likishatoka hewani utalirudishaje? Nikianza kusahihisha leo, wale waliokuwa wanaitetea kodi ile watasema Rais ni mwongo, na pengine sheria yenyewe itakwama. Nivumilie.

Na kaka, ile kazi ya kuifuta kodi ni ya baba, si yangu wala yako. Nimekaa na washauri, kila mmoja na miwani yake. Wananiambia kodi ya kichwa ni nzuri kwa sababu ni rahisi kuikusanya: vichwa havijifichi. Nikawajibu kwamba kichwa si mali. Kodi ifuate pato, mwenye kingi atoe kingi, mwenye kidogo atoe kidogo, asiye na kitu aachwe apumue. Na atakayetoa aoneshwe zahanati ile pale, barabara ile pale, kwamba jasho lake limekwenda huko. Hayo ndiyo ninayoyaamini na nitayasimamia mpaka niondoke hapa.

Kuna nafasi ya msimamizi wa maghala ya serikali huku. Nyumba ipo, vyumba vinne. Sema neno moja tu. Nimemtumia mama betri za redio, mpe zote, usimbanie.

Mdogo wako

22 Julai 1979

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Sisi wazima. Betri zimefika. Kazi ya ghala mpe mwingine, mimi nimezoea kushika kitu mpaka kiwe kingine, siyo kukaa kukilinda.

Walikuja watu wako wa redio kumhoji mama. Walimketisha mlangoni pa karakana kwenye kiti changu cha kazi, kile chenye mto. Mimi nikavaa shati safi. Nikasimama nyuma yake, nikiwaza, sasa wataniuliza. Mmoja akanigusa bega: "Mzee fundi, samahani, unatuzibia mwanga." Nikasogea. Dakika mbili baadaye: "Mzee fundi, hiyo nyundo tafadhali." Nikaiweka chini. Nilikaa ndani ya karakana yangu kama mgeni aliyekuja kukopa.

Walimuuliza mama ana watoto wangapi. Akasema, "Wawili." Moyo wangu ukatulia. Wakamuuliza kuhusu siku ya ndoo. Akasema, "Mwanangu ameshasema," akafunga mdomo, hakuongeza hata nukta. Kipindi kilipotoka wiki iliyopita tulikaa wote kusikiliza. Pale pa "wawili" wamepaondoa.

Sasa mama anakula huku redio iko pembeni ya sahani. Nikimwambia jambo ananiwekea kidole mdomoni: "Ngoja, mdogo wako anaongea." Mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Mimi ndiye ninayemsugua magoti. Lakini nikisema zima kidogo tuzungumze, anasema utanikosesha maneno ya mwanangu. Mwanangu! Mimi sijui niitweje siku hizi.

Ubaki salama.

Kaka yako

14 Mei 1984

Mheshimiwa Rais,

Hujambo? Miaka karibu mitano hatujaandikiana na naona hakuna aliyekufa kwa hilo. Mama yupo, anatembea kwa fimbo. Mimi nipo, ila karakana haipo.

Ijumaa saa tano asubuhi walikuja makarani wawili na askari mmoja. Kuna kodi mpya ya karakana, uliitangaza mwaka jana. Nilipata karatasi yake, nikaitandika chini ya kopo la gundi. Nilijiambia, si kodi ya mtu kama mimi, hii ni ya wenye mashine na vibarua. Kumbe ni ya kila mwenye meza ya kazi na mlango unaofungua barabarani.

Karani alikuwa kijana mpole. Aliangalia picha yako ukutani, ambayo mama ndiye aliyeitundika, akaniangalia mimi, akaiangalia tena. "Mzee, mnafanana na Rais."

"Watu wengi wana pua," nikamwambia.

"Kama kuna uhusiano, sema. Napiga simu moja tu, haya yote yanaisha."

Nikasema hakuna. Wakatoa ndoo zangu na mifereji ya mvua nje, mkasi wa bati, nyundo, chuma cha kulehemu bado cha moto. Wakapiga kufuli. Kulikuwa na wateja wanne. Fundi viatu alisimama mlangoni kwake na kiatu mkononi. Yeye ameshalipa.

Sikuandikii kukuomba. Nataka tu ujue kwamba safari hii wewe ndiye uliyemtuma mtoza kodi, na mimi nilikuwepo. Hilo huwezi kuninyang'anya.

Fundi bati

25 Mei 1984

Kaka yangu,

Shikamoo. Pole sana. Mwambie mama pole.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyosoma za mabalozi. Ningeweza kuinua simu. Mkono uliifikia. Nikajiuliza, nikikufungulia wewe, nitamwambia nini fundi viatu aliyelipa? Nitamwambia kwamba kodi hufuata pato isipokuwa pato la ndugu wa Rais? Nilipoifuta kodi ya kichwa nilisema serikali lazima ipate chakula mahali pengine. Mahali penyewe ndipo hapa. Kwa karakana ya mtu mmoja kiwango nilikishusha mimi mwenyewe, nikigombana na wale wa miwani. Nilikishusha nikikufikiria wewe. Ndugu wa Rais ndiye wa kwanza kulipa, vinginevyo hakuna atakayelipa.

Lipa, kaka. Nitakutumia kutoka mfukoni mwangu, si mwa serikali, kama mdogo anavyomsaidia kaka yake. Watafungua siku hiyohiyo.

Mdogo wako

3 Juni 1984

Wewe,

Hatujambo.

Nimelipa. Nimeuza mkasi mkubwa wa baba. Hela uliyotuma nairudisha ndani ya bahasha hii, haijaguswa.

Kuna jambo sijawahi kukwambia kwa sababu sikutaka likuume. Sasa nataka likuume. Unadhani kwa nini baba hakuwa na kodi mwaka ule? Fundi bati mwenye wateja mlangoni? Wewe ulikuwa shule ya bweni. Sare, madaftari, nauli, karo. Kila nilipoomba kiatu niliambiwa, "Ngoja, mdogo wako anasoma." Mwaka uliofuata mimi nikatolewa shule nikashike nyundo, wewe ukaendelea. Ndoo ile ilikaa juu ya kichwa cha baba ili wewe ujue kuandika hotuba. Halafu ukaichukua na ndoo yenyewe, ukaipanda kama ngazi mpaka Ikulu.

Siku ile ilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho wewe hukuwa nacho.

Usiniandikie tena.

26 Februari 1989

Shikamoo kaka,

Hujambo? Mama hajambo? Nimevunja amri yako, samahani. Miaka minne na miezi minane nimeitii.

Nakuandikia kutoka nyumba ya kupanga. Ni wiki ya tatu tangu nikabidhi ofisi. Miaka kumi sikushika ufunguo, sasa ninao sita na sijui upi ni wa mlango wa jikoni. Jana nilikwenda posta mwenyewe kununua stempu. Juu ya dirisha wameshatundika picha ya mwingine, na karani hakuinua kichwa.

Gazeti lile nililisoma mwezi Oktoba, wiki sita kabla ya kura. Uliliona lilivyopangwa? "KAKA WA RAIS: HAKUWEPO." Na picha yako mlangoni pa karakana, umeshika nyundo. Umezeeka, kaka. Nililiangalia shati lako zaidi ya maneno. Ulisema sikuwepo, ulisema karo yangu ndiyo iliyomvisha baba ndoo. Baada ya hapo kila mkutano niliokwenda vijana walikuja na ndoo vichwani, wakizigonga kwa vijiti na kuimba, "Ulimwona? Ulimwona?" Mji mmoja nilishindwa kumaliza hotuba. Nilisimama tu nikisikiliza mlio ule, na kwa mara ya kwanza nikajua unavyolia kweli.

Sikulaumu. Kura nilizokosa nyingi ni za kodi, watu wanasema hivyo, nami naamini. Walinichagua kwa kodi niliyoifuta wakanitoa kwa kodi niliyoiweka. Lakini nataka kujua kitu kimoja. Siku gazeti lilipotoka, mama alisemaje?

Mdogo wako

11 Agosti 1989

Mdogo wangu,

Hujambo? Nyumba umeizoea? Mama mzima kiasi chake. Mimi, wacha nieleze, utajua mwenyewe kama ni mzima.

Barua yako ilikaa miezi mitano kwenye kopo la misumari. Kila asubuhi nikichota misumari naiona. Sikuwa na la kujibu, kwa sababu mama hakusema kitu. Siku gazeti lilipotoka fundi viatu alimsomea lote, kuanzia kichwa cha habari. Mama akainuka, akazima redio, akaifunika kitambaa. Tangu siku hiyo hajaifungua. Kwangu alisema yale ya lazima tu: chumvi iko wapi, mvua inakuja, toa viti. Hata matokeo yako alitangaziwa na majirani.

Nikueleze kwa nini nilisema. Mwandishi yule alikuja akageuza ndoo, akaikalia, akafungua daftari, akaniambia, "Mzee, nisimulie wewe." Miaka tisa nilikuwa nimeyangoja maneno hayo, yatoke kwako, kwa watu wa redio, kwa mtu yeyote. Yalipokuja sikuuliza yametumwa na nani. Niliongea mpaka chai yake ikapoa. Nilifurahi, sikufichi. Wakati wa kampeni nikisikia vijana wanapita na ndoo zao nilitoka mlangoni kuangalia. Nilikuwa naangalia kama zimetengenezwa vizuri.

Jumapili iliyopita nilikuwa juu ya ngazi nauziba mfereji wa nyumba. Mama akatoka na fimbo yake, akaketi chini yangu.

"Shuka."

"Namalizia, mama."

"Shuka nikuulize. Siku ile ya ndoo ulikuwa wapi?"

Nikajua ameamua kunisuta. Nikashuka. "Nilikuwa nyuma ya baba. Nimeshika pindo la shati."

"Aliyeshika shati ni mimi."

Nikacheka, mdogo wangu. Nilidhani uzee.

"Wewe," akasema, "ulikuwa umelala chumba cha nyuma, wiki ya tatu. Homa ilikupanda kichwani, humjui mtu. Mimi uliniita shangazi, shangazi ukamwita mwalimu. Ulikuwa mwepesi kama tenga tupu, baba yako alikubeba kwa mkono mmoja."

"Mama, mbona nausikia mlio wa ndoo mpaka leo?"

"Uliusikia. Tulipita hapa dirishani. Na mengine nilimsimulia shangazi yako nimekaa ukingoni mwa kitanda chako, siku moja, siku mbili, nikilia. Ulikuwa umefumba macho. Sikujua masikio yako wazi. Ulipopona nikasikia unamsimulia mdogo wako kwamba umeona, nikasema, mwache, amerudi kutoka mbali, arudi na chochote anachotaka."

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii. Akachora chini kwa fimbo.

"Baba yako alikataza. Fedha ya kodi ilikuwepo. Ilikuwa tayari, imefungwa kwenye kitambaa. Ilikwenda kwa daktari, sindano zako. Mtoza kodi alipokuja hapakuwa na kitu. Baba yako akaniambia, mtoto huyu asikue akiijua bei yake."

"Na karo?"

"Karo gani? Mdogo wako alishinda mtihani, wale walimu walimsomesha bure tangu siku ya kwanza. Ungeniuliza. Ulimwambia mwandishi wa gazeti kabla ya kuniuliza mimi."

Akainuka akaingia ndani. Nilibaki na bomba la gundi mkononi likidondoka kwenye kiatu.

Basi ndiyo hayo. Hukuwepo, na mimi sikuwepo. Nimekuwa nikikudai kitu kisichokuwa changu. Nilikuonea wivu kwa siku ambayo nililala kitandani, na aliyeilipia alikuwa baba, na aliyeibeba ni mama, na mimi ndiye niliyekuwa sababu. Nilichokuandikia mwaka themanini na nne, kila neno lilikuwa la kunihusu mimi, nikakuvika wewe. Nikakuvika na gazetini.

Sijui mtu anaombaje radhi kwa jambo la ukubwa huu. Nikimwendea yule mwandishi anisahihishe, nani atasoma? Wewe umeshaondoka Ikulu.

Nisamehe.

Kaka yako

1 Septemba 1989

Shikamoo kaka,

Mimi mzima. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi za posta, watu wakinipita kushoto na kulia, mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Nami nina langu. Mwaka sabini na tisa nilikuapia kwamba karatasi ya hotuba iliandikwa "kaka yangu alimwona." Nilikudanganya. Iliandikwa "nilimwona" tangu rasimu ya kwanza, kwa mkono wangu, na katibu aliponiuliza kama ni kweli nilimjibu, "Unadhani nambuni baba yangu?"

Unajua nina siku ngapi na baba? Nimezihesabu. Alikuja shuleni mara moja. Alivaa koti la kuazima, tukakaa kwenye benchi la wageni, akanipa mkono kama unavyompa mkono mkaguzi. Likizo nilikuwa mgeni pia, mnaniwekea kiti. Wewe alikushika mikono akakufundisha kukunja ukingo wa bati bila kujikata. Mlikuwa na vichekesho vyenu, mnacheka mimi sielewi. Mkipiga nyundo mlipokezana, yeye moja, wewe moja, bila kuangaliana. Nilikuwa nakaa mlangoni na kitabu, nasoma mstari mmoja mara kumi. Alipofariki nilikuwa kwenye mtihani, nikaambiwa baada ya kuzikwa.

Nilikuonea wivu kaka, tangu nikiwa mtoto mpaka nikiwa na walinzi arobaini. Nilitaka siku moja na baba iwe yangu. Nikaichagua mbaya kwa sababu nzuri zote zilikuwa zako.

Kuhusu karakana yako. Kodi ile ilikuwa ya haki, bado nasema hivyo, hata nikibaki peke yangu nitasema. Lakini kumtolea mtu vifaa vyake nje mbele ya wateja wake, hilo sikulifikiria. Niliandika sheria nzuri nikaacha wengine waamue itagongaje mlango. Aibu niliyoitoa kichwani nikaipeleka kizingitini. Hilo sina wa kumsingizia.

Radhi unayo, ilikuwepo kabla hujaiomba. Naomba na mimi nipewe.

Naomba pia kuja. Sina dereva, nitapanda basi. Sijui kama mama atanifungulia.

Mdogo wako

9 Septemba 1989

Mdogo wangu,

Njoo. Radhi unayo. Mama atakufungulia, ameshaniamuru nitandike kitanda cha chumba cha nyuma, na nimekitandika, japo mimi miaka yote hii nimelalia godoro lenye bonde naye hajawahi kuliulizia.

Nilimsomea barua yako. Pale pa benchi la wageni alinirudisha mara mbili. Halafu akasema kuna maneno baba aliyasema siku ile, wakiwa njiani wao wawili, ndoo kichwani. Alimwambia mama na mama akacheka, fikiria, katikati ya mtaa ule akacheka. Hajawahi kumwambia mtu, hata shangazi.

Nikamwambia, "Niambie, mama."

"Mpaka muwe wawili."

"Nusu tu. Mimi ndiye mkubwa."

"Hiyo tabia yako nimeichoka," akasema, akaniwekea kidole mdomoni.

Siku nne sasa namzunguka. Nimemsugua magoti mara mbili kwa siku. Nimemkaangia mayai. Nimemtengenezea kopo jipya lenye mfuniko. Hasemi. Jana nilidhani amelegea, akafungua kinywa, kumbe anapiga chafya.

Basi la kwanza linafika saa tatu na nusu Jumamosi ijayo. Nitakuwa kituoni. Usingoje la pili. Likija la kwanza bila wewe ndani, narudi nyumbani mbio kumbembeleza, na safari hii huenda akakubali.

Kaka yako